Figo zimechoka, sasa nile nini? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya nayapata kwenye meza ya lishe, kliniki ya presha na kisukari hapa Mtwara, na mengine hunifuata hata nikienda kwetu Mikindani msibani. Nimeyajibu kwa chakula chetu, kwa sababu karatasi nyingi za lishe ya figo zinazozunguka kwenye simu zimeandikwa kwa watu wanaokula brokoli na jibini. Hazimsaidii mtu aliyekulia ugali wa muhogo kwa kisamvu. Dawa na vipimo vyako ni vya daktari wako. Hapa tunazungumzia chungu, sahani na kikombe.

## Baada ya kupewa majibu

Daktari kasema figo zangu zimeanza kuchoka. Maana yake nini hasa?

Figo huchuja damu. Hutoa taka na maji ya ziada kwa njia ya mkojo, hupima madini ya mwilini yasizidi wala kupungua, na husaidia kutengeneza damu na kuimarisha mifupa. Ukiambiwa una ugonjwa sugu wa figo, maana yake kazi hiyo imepungua, au kuna dalili ya uharibifu kama protini kuvuja kwenye mkojo, na hali hiyo imedumu zaidi ya miezi mitatu. Ndiyo maana kipimo kimoja hakitoshi, hasa kama ulipimwa ukiwa unaharisha au una homa kali. Kinarudiwa.

Wengi wanaokaa mbele yangu wamekuwa na presha au kisukari kwa miaka. Huniuliza, "Mbona sisikii maumivu?" Figo zikichoka haziumi. Unaweza kupoteza zaidi ya nusu ya kazi yake huku unalima, unapika na kucheza ngoma.

Nimeambiwa nipo hatua ya 3. Nimebakiza muda gani kabla ya mashine?

Hatua zinahesabiwa kwa kiwango cha uchujaji, kile kinachoandikwa kwa herufi eGFR kwenye karatasi ya maabara. Hatua ya 3 ni kati ya 30 na 59, ya 4 ni kati ya 15 na 29, na ya 5 ni chini ya 15. Hizi si ngazi ambazo lazima uzishuke zote. Watu wengi wa hatua ya 3 hawafiki kabisa kwenye kusafisha damu kwa mashine, hasa wanaoshika presha na sukari yao vizuri. Kwa presha, madaktari wengi hulenga chini ya 130/80. Kama utatoka na jambo moja tu kwenye ukurasa huu, liwe hili: vidonge vya presha usiviache kwa sababu umejisikia vizuri.

Jirani yangu naye ana figo, kanipa orodha ya vyakula vilivyokatazwa. Niifuate?

Usiifuate. Swali hili linaniuma kuliko yote. Alinijia mzee mmoja kutoka upande wa Tandahimba, amekonda hadi suruali imefungwa kwa kamba. Miezi minne alikuwa hali mboga za majani, maharage, matunda wala samaki. Alikuwa anaishi kwa mkate mweupe na chai ya rangi. Orodha aliipata kwa mtu anayesafishwa damu mara tatu kwa wiki. Yeye alikuwa hatua ya 3, na potasiamu yake (madini ya kwenye damu, tutayaeleza chini) ilikuwa sawa kabisa. Figo hazikumkondesha. Kilichomkondesha ni ile karatasi.

Kabla hujakata chakula chochote, muulize daktari mambo manne na uyaandike kwenye daftari: uchujaji wako ni ngapi, potasiamu ni ngapi, je protini inavuja kwenye mkojo, na presha yako inatakiwa iwe ngapi. Majibu hayo ndiyo yanayokata chakula. Mtu mmoja anaruhusiwa ndizi, mwenzake aliyekaa naye benchi moja haruhusiwi, na wote wawili wameambiwa kweli.

## Chumvi

Nitumie chumvi kiasi gani kwa siku?

Chini ya gramu 5, yaani kijiko cha chai kimoja ambacho hakijafika ukingoni. Hiyo ni ya siku nzima, na ndani yake imo iliyojificha kwenye mkate, dagaa na chapati. Sharti hili halitegemei majibu ya damu. Ni la karibu kila mwenye figo, kwa sababu chumvi hupandisha presha na kuvuta maji mwilini.

Kijiko husikika kama kitu kikubwa mpaka upime. Nilimwomba mama mmoja amwage chumvi kwenye karatasi kama anavyotia kwenye mboga ya watu wanne. Akachota kwa vidole vitatu, akatia. Akanyamaza kidogo kana kwamba anaonja mchuzi, akatia tena. Kisha ya tatu, "ya kukolezea." Tukaizoa kwa kijiko cha chai, ikawa vijiko viwili na nusu. Ukigawa kwa wanne, kila mmoja kala karibu gramu 4 kwa mlo mmoja, na mchana ndiyo kwanza umeanza.

Dawa yake ni kupunguza polepole. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa. Tia ndimu, tangawizi, kitunguu saumu, bizari, pilipili, majani ya giligilani. Ule unga wa mchuzi wa dukani na vidonge vya supu viache, kwa kuwa sehemu kubwa yake ni chumvi.

Chumvi yetu ya mashambani, ya mawe, si ni ya asili?

Ni ya asili na ni chumvi ileile. Inayokaushwa kwenye mashamba ya pwani ya Lindi na Mtwara ina sodiamu, ile sehemu ya chumvi inayopandisha presha, kama ya pakiti. Ya pakiti iliyotiwa madini joto ina faida yake ya kuzuia goita, uvimbe wa shingo, ila kwa presha hakuna tofauti.

Jihadhari zaidi na chumvi mbadala zinazouzwa kama "chumvi ya wenye presha." Nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu badala ya sodiamu, na kwa mwenye figo hiyo inaweza kuwa hatari kuliko chumvi yenyewe.

Na magadi?

Magadi nayo ni sodiamu. Watu huacha chumvi kwa uaminifu kabisa, kisha wanatia magadi kwenye kisamvu na mbaazi bila kujua wamerudi palepale. Loweka mbaazi usiku kucha, mwaga maji, pika kwa maji mapya. Zitaiva bila magadi. Kisamvu kitwangwe laini, kichemshwe muda mrefu. Rangi haitakuwa ya kijani kibichi, lakini ladha ipo.

Ng'onda na dagaa wakavu niwaache kabisa?

Ng'onda waliopigwa chumvi, ndiyo, waondoe kwenye mazoea ya kila siku. Hamu ikikushika, loweka usiku kucha, badilisha maji mara mbili au tatu, chemsha na umwage maji ya kwanza, kisha usitie chumvi nyingine kabisa. Dagaa waliokaushwa juani bila chumvi ni nafuu, ila huliwa pamoja na mifupa yao, na mifupa ina fosforasi nyingi, madini mengine ambayo figo zilizochoka hushindwa kuyatoa. Kama daktari kasema fosforasi yako imepanda, chagua samaki mbichi. Sisi tuna bahati, kwani changu na kibua wabichi wanafika sokoni.

Nipikiwe chungu changu peke yangu?

Hapana. Familia nzima ipunguze, anayetaka chumvi aongeze mezani. Nimeona baba wa nyumba akiwekewa kibakuli chake kidogo kisicho na ladha pembeni ya sinia la wenzake. Hula siku tatu, ya nne anarudi kwenye sinia. Zaidi ya hapo, presha ni ya ukoo. Mwanao anayekula chumvi hiyo leo ndiye atakayekaa kwenye benchi la kliniki kesho.

## Ugali, mboga na kitoweo

Potasiamu ni nini, mbona kila mtu anaitaja?

Ni madini yanayosaidia misuli kufanya kazi, na moyo nao ni msuli. Kwa kawaida damu huwa nayo kati ya 3.5 na 5.0 hivi. Figo zikichoka sana, potasiamu hujikusanya, na ikipanda mno moyo unaweza kupiga ovyo au kusimama. Baadhi ya dawa nzuri za presha zinazolinda figo nazo huipandisha kidogo, ndiyo maana daktari huirudia kuipima.

Kama yako ni ya kawaida, kula mboga na matunda yako. Kama imepanda, soma majibu yanayofuata kwa makini.

Muhogo ndio chakula chetu. Na ming'oko je?

Muhogo hauna protini nyingi, na kwa mtu wa figo hilo si baya. Tatizo, kwa yule ambaye potasiamu imepanda, ni kwamba mizizi na viazi vya aina zote vina potasiamu nyingi. Hilo hutatuliwa na maji. Menya, katakata vipande vidogo, loweka, chemsha kwenye maji mengi, mwaga, tia maji mapya, chemsha mpaka viive, kisha mwaga tena. Potasiamu hutoka na maji, kwa hiyo ule mchuzi wa muhogo usiunywe wala usiupikie kitu kingine. Muhogo wa kuchoma haupiti kwenye maji, unabaki nayo yote.

Ming'oko ni jamii ya viazi vikuu, itendee vivyo hivyo. Nafahamu utamu wake ni ile ya stendi, inayouzwa kwenye sahani ikiwa imechemshwa na chumvi. Nunua mibichi, uichemshe nyumbani.

Ugali wa sembe na wali mweupe una potasiamu kidogo. Dona ina zaidi, lakini kama potasiamu yako ni nzuri na una kisukari, dona inakufaa.

Kisamvu, mchicha, matembele: mboga gani salama?

Zote tatu zina potasiamu nyingi. Mwenye majibu mazuri ale. Mwenye potasiamu iliyopanda achemshe kwa maji mengi, akamue, amwage, ndipo aunge, na ale kiasi cha nusu kikombe. Siku nyingine abadilishe kwa kabichi, bilinganya, nyanya chungu, tango au hoho. Kumkataza mtu wa kusini kisamvu maisha yake yote si tiba. Ataitikia "sawa" kwa heshima, kisha ataenda kula kwa dada yake.

Nile samaki au nyama kiasi gani? Nimesikia protini inaua figo.

Protini nyingi mno huongezea figo kazi, ila protini kidogo mno hukula misuli. Kwa asiyesafishwa damu, kipimo cha kawaida ni gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wako kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi. Kwenye sahani ni kipande cha samaki cha ukubwa wa kiganja bila vidole, yai moja, nusu kikombe cha mbaazi, na inayobaki inatoka kwenye ugali na wali wenyewe. Ukiwa na shughuli mchana na ukala nyama vipande vitano, usiku kula mboga tu. Mtoto na mjamzito wana hesabu nyingine, na aliyeanza kusafishwa damu pia (yake iko sehemu ya mwisho).

Supu ya pweza ya jioni ufukweni iache, hasa kwa sababu ya chumvi. Pweza mwenyewe, kipande kidogo cha kuchemsha nyumbani, anafaa.

Mbaazi, kunde na choroko zina fosforasi. Nizikatae?

Zamani zilikatazwa moja kwa moja. Siku hizi tunajua fosforasi ya mimea mwili huifyonza chini ya nusu, wakati ile inayotiwa viwandani kwenye soda nyeusi, soseji na nyama za kopo hufyonzwa karibu yote. Kwa hiyo nikilazimika kuchagua, nitakunyima soda nikuachie mbaazi. Loweka, mwaga, pika kwa maji mapya, na uhesabu kuwa umekula protini, yaani samaki apungue.

Korosho je? Nyumba yetu imejengwa na korosho.

Ndiyo, na ada za shule zimetoka humo. Kiganja kimoja, gramu 30 hivi, kina potasiamu ya miligramu 200 hivi na fosforasi karibu 180. Mtu wa hatua za mwanzo mwenye majibu mazuri anaweza kula kiganja mara mbili tatu kwa wiki, zisizotiwa chumvi. Mwenye potasiamu au fosforasi iliyopanda aziache mpaka majibu yashuke.

Tatizo letu ni kwamba korosho hailiwi kwa kiganja. Msimu ukifika, mkono unaingia gunia linapofunguliwa na unapobangua, na jioni zinatwangwa kwenye mboga. Korosho pia zina oksaleti, kitu cha asili cha mimea kinachoweza kuganda kwenye figo, na imewahi kuripotiwa na matabibu kwamba watu waliokula nyingi kila siku kwa muda mrefu waliharibika figo. Pima kiganja chako asubuhi, kiweke kwenye kibakuli, kikiisha kimeisha.

Nazi na dafu ni kitu kimoja?

Si kimoja. Tui la kuungia mboga, ukitumia la pili lililo jepesi, halina shida kubwa kwa walio wengi. Dafu ndilo la kuogopa. Dafu kubwa moja linaweza kuwa na miligramu 600 za potasiamu au zaidi, na watu hunywa mawili kwa mpigo wakiamini "linasafisha figo." Kwa mwenye figo nzima halina neno. Kwa mwenye potasiamu iliyopanda au anayesafishwa damu, dafu ni hatari kwa moyo. Tafadhali msimpelekee mgonjwa wa figo madafu kama zawadi, hata kama mmepanda mnazi wenyewe.

Matunda gani nile, na birimbi ina ubaya gani?

Nanasi, tufaa, kipande cha embe au cha tikiti ni nafuu. Ndizi, parachichi, fenesi, mapera na tende zina potasiamu nyingi. Kama unadhibiti potasiamu, kula tunda moja dogo kwa mara moja, na juisi usinywe, kwani glasi moja hubeba machungwa matatu.

Birimbi ina oksaleti nyingi mno, na kunywa juisi yake kumewahi kuua figo za watu waliokuwa wazima. Ndugu yake, lile tunda lenye pembe tano ambalo ukilikata linatoa umbo la nyota, lina sumu ambayo figo zilizochoka haziwezi kuitoa. Huanza na kwikwi isiyokatika, kisha kuchanganyikiwa na degedege. Kwenye mchuzi wako tumia ndimu.

## Maji na vinywaji

Ninywe maji mengi ili figo zioshwe?

Maji ya kawaida, kwa kiu yako, yanatosha kwa hatua za mwanzo. Kujilazimisha lita tano hakurudishi figo. Joto letu na kazi ya shamba vinataka unywe zaidi, angalia mkojo usiwe wa rangi ya chai. Kama umevimba miguu, una shida ya moyo au umeanza kusafishwa damu, kiasi chako kipangwe na daktari. Kama kisima chenu kina maji ya chumvi, ya kunywa na kupikia yatafute kwingine, hata kama ya kisima utaendelea kufulia.

Chai, kahawa, soda, uraka?

Chai na kahawa, kikombe kimoja au viwili, sawa. Soda nyeusi hapana, sababu imeelezwa kwenye swali la mbaazi. Uraka, ile pombe ya mabibo, na gongo hakuna anayepima kilichomo, na vinapandisha presha. Viache. Bibo lenyewe, tunda moja mbichi, halina neno kwa mwenye potasiamu nzuri.

## Dawa na mazoea ya kila siku

Mgongo unauma baada ya kupalilia. Nimeze nini?

Usimeze diklofenaki wala ibuprofeni, na usikubali "sindano ya maumivu" kabla hujasema una figo. Dawa hizi hupunguza damu inayoingia kwenye figo. Nakutana na watu waliozimeza kila siku kwa miaka kwa ajili ya magoti, wakinunua dukani vidonge viwili viwili. Parasetamoli kwa kipimo chake ndiyo salama zaidi. Popote unapotibiwa, hata kwa malaria au kidonda, sema mapema: "Nina tatizo la figo." Dozi za dawa nyingi hubadilika.

Kuna dawa ya miti inayosafisha figo, shangazi yangu ilimsaidia.

Sitakucheka, na sitakugombeza. Mizizi mingine inatibu. Ila hakuna dawa ya kienyeji iliyothibitishwa kurudisha figo zilizokufa, na iko mimea inayojulikana kuziua. Tena figo zilizochoka hazitoi sumu kama za mwingine, kwa hiyo kilichomfaa shangazi hakikupimwa kwa ajili yako. Kama umeshakunywa, mwambie daktari. Hutafukuzwa kliniki.

Niendelee na kazi ya shamba? Na mazoezi?

Endelea. Mwili unaotembea hushika presha na sukari vizuri. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, kama nusu saa kwa siku tano, na kupalilia mikorosho kunahesabika. Fanya kazi asubuhi, jua likipanda pumzika, kunywa maji. Sigara iache kabisa.

## Hali za pekee

Ramadhani inakuja. Nifunge?

Qur'ani yenyewe, sura ya 2 aya ya 184 na 185, imemruhusu mgonjwa asifunge. Muulize daktari wiki chache kabla, si usiku wa kuamkia mwezi. Kwa kawaida mtu wa hatua ya 4 au 5, anayesafishwa damu, au mwenye kisukari kisichotulia hushauriwa asifunge, na suala la fidia atalizungumza na shekhe wake. Wa hatua za mwanzo wengine hufunga salama, dawa zikipangwa upya kati ya futari na daku.

Ukifunga, angalia sinia la futari. Tende, magimbi, viazi vitamu, ndizi za nazi na muhogo vyote vimekaa pamoja, na vyote ni potasiamu. Kunywa uji, kula tende moja, chagua aina moja tu ya futari. Maji yagawe taratibu hadi daku.

Nikialikwa kwenye shughuli, au nikisafiri kwenda Dar es Salaam?

Kwenye shughuli kula pilau kiasi, mchuzi uuache sahanini. Chakula cha siku moja hakitakuua kama siku zilizobaki umeshika mwendo. Ila anayesafishwa damu hana ruhusa hiyo.

Safari ya zaidi ya kilomita 500 ina mtego mwingine. Watu hawanywi maji tangu jana na hawamezi dawa kwa kuogopa kuomba basi lisimame. Meza vidonge vya presha kama kawaida. Cha kukojoza, muulize daktari kama unaweza kukimeza ukishafika. Beba wali wako na yai, ili basi likisimama Nangurukuru usiangukie chipsi na soda.

Nina kisukari na figo. Sukari ikishuka ghafla nifanye nini?

Figo zikichoka, insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi, kwa hiyo sukari kushuka huwa jambo la mara kwa mara. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, unywe. Usitumie juisi ya chungwa, dafu wala tende kama potasiamu yako iko juu. Ikijirudia, usisubiri tarehe ya kliniki. Dozi inatakiwa kupunguzwa.

Nimeharisha tangu jana. Niendelee na dawa zote?

Nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Mwili ukikauka, vidonge vya kukojoza, baadhi ya vile vya presha na metformini (dawa ya kisukari) vinaweza kuumiza figo, na mara nyingi husimamishwa kwa muda mfupi. Uliza mapema, ukiwa mzima, ni vipi kati ya vyako. Usivisimamishe kwa kubahatisha, na usisahau kuvirudia.

Dalili gani hazisubiri asubuhi?

Kushindwa kupumua ukilala, mkojo kukatika, kuchanganyikiwa, degedege, kifua kuuma, moyo kupiga ovyo pamoja na miguu kukosa nguvu. Ondokeni usiku huohuo.

Nimeanza kusafishwa damu. Mlo wa zamani uendelee?

Hapana, unabadilika, na hapa ndipo wengi hukosea. Mashine huondoa protini pia, kwa hiyo sasa unahitaji zaidi: gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kilo. Kula samaki na mayai bila woga. Potasiamu na maji ndivyo vinabanwa. Maji ya siku mara nyingi ni kiasi cha mkojo wako wa siku na kuongeza nusu lita hivi, na uji, chai na mchuzi vyote vinahesabika. Tumia chupa moja: kila unachokunywa mimina maji kiasi hichohicho humo, ikijaa umemaliza. Kama umepewa vidonge vya kuzuia fosforasi, vimeze pamoja na chakula. Nje ya chakula havina kazi.

Kupandikizwa figo kunafanyika nchini. Muhimbili walianza mwaka 2017, Hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma mwaka 2018. Uliza mapema kama unafaa.

Mama hataki mashine. Anasema atakula vizuri inatosha.

Chakula huchelewesha, hakichukui nafasi ya figo zilizofika mwisho. Lakini kabla hujambishia, muulize sababu. Mara nyingi si ukaidi. Ni nauli, ni kuogopa kufia mbali na kwake, ni kutotaka mkorosho uuzwe kwa ajili yake. Mpeleke akaone mashine na kuzungumza na anayeitumia, kisha mpe muda. Baadhi hubadili mawazo pale.

Akiendelea kukataa kwa akili yake timamu, bado anatibiwa. Kuwashwa, kichefuchefu, kuvimba na kukosa usingizi vina dawa, na kliniki haimfungii mlango. Mpe chakula kidogo kidogo mara nyingi, cha uvuguvugu, kisicho na harufu kali. Masharti mengi hapo hulegezwa kwa makubaliano na daktari. Akitamani ming'oko, ichemshe mara mbili, mmenyee vipande viwili, ukae naye ale.